Masharti kwa Mwindaji Mgeni

Dado alivaa leso yake ya Idi, ile ambayo haijaonja sabuni bado, na Kadra akashika kiuno kumtazama.

"Mama, leso mpya ya kumwonea mwindaji? Kwani ni posa?"

"Mgeni ni mgeni," mama mkwe wake akajibu, akikung'uta unga wa mahindi viganjani.

Mgeni mwenyewe alikuwa amejinyoosha kwenye mchanga wa ng'ambo ya mto tangu mafuriko yalipopungua. Alitoka juu huko, kupita Hola. Hapo Golbanti wote walijua amekuja kuwinda, na wote waliijua kazi ya Dado, aliyoirithi kwa babake: mwindaji yeyote wa kutoka nje lazima asomewe masharti kabla hajaanza. Babake alimpokea mgeni mmoja tu maishani mwake, na baada ya hapo mto ukatulia miaka mingi.

Yule aliyetua kwa jirani zao mwaka juzi hakusomewa kitu. Aliwinda ovyo, mpaka nyumba za kandokando zikahama na kuacha mahindi yamesimama shambani. Dado hakutaka Kadra, na mimba ile iliyokwisha kumlemea, abebe godoro kichwani akitafuta pa kuzalia.

"Si uwaite askari wa wanyama?" Kadra akasema. "Kuwinda kumekatazwa zamani. Mwambie atoe leseni."

"Askari walikuja asubuhi. Wakifika wao, yeye haonekani. Na huyo serikali haijui. Haya, nisikilize kama sijasahau. Penye maji ya kunywa hapawindwi."

"Ee."

"Mwenye mimba aachwe. Anayenyonyesha aachwe. Mdogo aachwe akue."

"Basi atarudi kwao na njaa, maskini!" Kadra akacheka.

Dado hakucheka. "Hakosi chake. Yashike maneno haya, mwanangu. Kuna siku utatakiwa wewe."

Ubeid, mume wa Kadra na mwana pekee wa Dado, alikuwa ametumwa Garsen kununua sukari. Kopo la sukari lilikuwa limejaa. Kadra aliliona alipokuwa akikoroga chai ya mama mkwe wake, na akashangaa, lakini hakuuliza. Chai yenyewe Dado aliinywa polepole sana, akipuliza juu yake kama mtu asiye na safari. Akala mahamri mawili, akaomba jingine. Kisha akamwekea Kadra mkono tumboni, akauacha hapo mpaka mtoto akapiga teke.

"Huyu ana miguu ya babake," akasema. "Leo usije mtoni hata nikichelewa. Teka maji ya pampu."

"Nikuitie nani akupe kampani?"

"Mpokeaji huenda peke yake."

Mtoni palikuwa kimya. Yangeyange walikuwa wameukimbia mchanga, na hakukuwa na mtumbwi hata mmoja majini. Dado akasimama ukingoni, akatoa salamu kwa sauti, akayasoma masharti moja baada ya jingine jinsi babake alivyoyasoma mahali pale pale. Mgeni hakugeuza kichwa. Lakini Dado alijua anasikia, kwa vile alivyotulia.

Likabaki sharti la mwisho, ambalo nyumbani hakulitaja.

"Wako ni mmoja," akasema. Akaikaza leso yake, akaanza upya. "Wako ni mmoja tu. Ni mzee, amemaliza kuzaa. Usimfuate, atakuja mwenyewe. Ukishashiba, rudi ulikotoka, na hapa usionekane tena."

Akavua viatu, akavipanga kwenye nyasi kavu, visigino vikiutazama mto.

Ng'ambo, mgeni akafumba mdomo, akauvuta mkia wake mchangani, akazama bila kishindo. Dado akaendelea kutembea. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni.