Waya wa Darini

Koleo la kubania waya lilipolia tik, kitu kikakimbia darini. Castory akaganda. Akabana tena: tik. Vishindo vikaja mpaka juu ya kichwa chake, vikasimama.

Panya gani huyu anayemfuata mtu badala ya kumkimbia?

Tangu kiwanda kiuzwe na yeye apunguzwe kazi, hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana: kufunga kompyuta mpya kwenye ofisi ya mradi mmoja wa wafadhili, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Alizifunga juzi. Jana diski ikagoma kusomeka, na leo mtandao ukakatika kabisa. Ya diski ilikuwa kebo tu, imelegea. Kadi ya mtandao ilikuwa nzima. Ukabaki waya unaopita darini, na huko akaukuta umegugunwa, alama za meno kubwa ajabu.

"Fundi," bosi Godlisten alikuwa amemwambia asubuhi, "wageni wanafika mchana. Mtandao usiporudi, na wewe usirudi."

Fundi wa kompyuta Morogoro hatembei bila sumu ya panya. Castory aliipaka kwenye ndizi mbivu ya Kinole, iliyokuwa mlo wake wa mchana, akaitupia darini. Sasa alikuwa akibana waya mpya, huku akiomba sumu ifanye kazi kabla na huo haujaliwa.

Magreth, mwalimu wa hapo mradini, akasimama mlangoni, macho mekundu.

"Kaka, hujamwona Pendo?"

"Simjui, dada. Kwani amepotea?"

"Tangu juzi usiku. Mwaka mzima nimemfundisha, na wiki ijayo anapanda ndege kwenda Msumbiji kutafuta mabomu ya ardhini."

Castory akamwonea huruma huyo Pendo. "Labda ameogopa. Hata mimi ningetoroka."

"Pendo haogopi. Kuna vijiji vizima vinamsubiri." Akaondoka akijifuta machozi.

Castory akabana kichwa cha mwisho. Tik. Juu, kucha zikaparura mbao. Akachomeka waya, na taa ya kijani ikawaka.

"Imerudi!" Godlisten akapaza sauti kutoka chumba cha pili. "Fundi, barua pepe zinaingia!"

Castory akajibwaga kwenye kiti. Kazi imepona.

Ndipo aliposikia tena: tik. Koleo lilikuwa mezani. Magreth alikuwa amerudi mlangoni, anabonyeza kidude kidogo cha bati na kuita kwa upole, "Njoo ule, mama, njoo."

Darini ikawa mbio. Panya buku, mkubwa karibu sawa na paka, akachungulia kwenye ubao wa dari ambao Castory aliuacha wazi tangu juzi, akarukia mezani, kisha moja kwa moja mikononi mwa Magreth.

"Pendo wangu jamani!"

Watu wakajaa mlangoni wakishangilia. Castory peke yake ndiye aliyeona ndizi iliyoganda kwenye masharubu.