Uji wa Uzazi wa Paa

Enzi wanyama walipokuwa bado wakipelekeana uji wa uzazi, Paa alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alimlaza kwenye majani marefu, mtoto akatulia tuli. Paa mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Hakujua kumkatalia mtu, sembuse aliyemletea uji.

Wa kwanza kufika na bakuli alikuwa Kanga. "He! Mtoto mchanga unamlaza kwenye umande? Mpeleke kichakani, mwanangu."

Paa akanywa uji, akamwongoza mtoto hadi kichakani.

Akaja Nungunungu. "Shoga, kichaka hiki kina siafu! Mlaze pangoni kwangu, kuna joto."

Paa akanywa uji, akamhamisha tena.

Kesho yake alitoka kidogo kutafuta malisho. Aliporudi kunyonyesha, mtoto hayupo. Mlangoni mwa pango alijilaza Fisi, tumbo limemjaa.

"Ulijuaje kama yuko hapa?" Paa aliuliza.

"Mtoto wa paa hanuki, mama. Angebaki majanini ningempita. Nimefuata harufu ya kwato zako, toka majanini hadi kichakani, toka kichakani hadi hapa."

Majirani wakaja kuhani, na uji mikononi.

"Kichakani angekuwa hai," alilia Kanga.

"Si ungemsogeza ndani zaidi, shoga?" alisema Nungunungu.

Paa akapokea bakuli, maziwa yakimchuruzika miguuni, akawaitikia wote wawili.