Shanga Mbili

"Unaona shanga ngapi, mama?" muuguzi akauliza.

Lucienne alikuwa amemleta bintiye tu kliniki ya macho, lakini akina mama wa kwenye benchi walimtania, eti anaogopa uzi wa kupimia macho, mpaka akakubali kujaribu naye. Ncha moja ya uzi ilifungwa dirishani, nyingine akaishika puani. Kwenye uzi huo, shanga moja nyekundu ilining'inia karibu na uso wake.

"Mbili. Kitu ya karibu siku zote iko mbili, hata maandiko. Si njo vile bantu bote banaona?"

Benchi zima likacheka. Baba yake Lucienne, mstaafu wa reli aliyewasindikiza, hakucheka.

"Haiwezekani," akasema. "Huyu mutoto minyi mwenyewe nilimupima. Namba ya vagoni, kule mwisho wa reli, alisoma yote."

"Ya mbali anaona muzuri, papa," muuguzi akamwambia. "Ya karibu njo macho inashindwa kukutana. Inafundishwaka na uzi huu, kidogo-kidogo kila siku."

Siku ile ya kusoma namba za mabehewa Lucienne alikuwa darasa la nne, naye mzee akatangaza nyumba nzima isikie: macho mazima, uvivu tu. Tangu hapo, kila Lucienne alipofuata mstari wa kitabu kwa kidole, yeye alikipiga rula. Mwaka uliofuata akamtoa shuleni.

Sasa Lucienne alinyoosha kidole kilekile aiguse shanga. Kikapita hewani. Akamtupia baba yake jicho, akakificha upesi nyuma ya mgongo.