Redio ya Marehemu

Siku mumewe alipofariki pale Sori, Awino alitoa betri za redio akazianika juani nyuma ya jiko, zipate nguvu ili jioni asikie tangazo la msiba.

Shemeji yake aliingia kabla machozi hayajakauka. "Redio ya ndugu yangu itakaa kwa mwanamume."

Akazungusha kitufe. Kimya. Akaipiga kofi, akaongeza la pili, akatega sikio kama daktari.

"Shemeji, hii nayo imekufa?"

Awino alikumbuka betri. Akajifuta kamasi kwa ncha ya leso.

"Walipendana sana hao."

Shemeji akaiacha, akachukua koti la marehemu, akaenda zake.

Siku hizi, taarifa ya habari ya saa saba ikianza redioni, Awino hukalia kiti cha marehemu akimtukana waziri.