Kibaraza cha Bi Arletha

Lucius Broadnax alijibanza nyuma ya watalii, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi. Mtaa aliozaliwa, na leo anauingia kama mwizi.

"Mtaa huu ulijengwa na watu Weusi waliotoka utumwani," alisema kijana mtembeza watalii. "Sasa unalindwa na sheria, hata dirisha halibadilishwi bila kibali. Na yule pale ni Bi Arletha. Hajawahi kuhama!"

Bi Arletha alikaa kibarazani akimenya kunde, akawapungia mkono. Lucius alikuja kwa ajili yake. Waliupigania mtaa ule pamoja, wakaapa kanisani kwamba hakuna atakayeuza. Ulipotangazwa kuwa wa kihistoria, kodi ya majengo ikapaa, na Lucius akauza nyumba ya mama yake kimyakimya. Tangu hapo alikosa uso wa kumtazama bibi huyu, na kanisani hakukanyaga tena.

Watalii walipiga picha, wakasonga mbele. Yeye akabaki.

"Vua kofia, mtoto wa Earline," bibi alisema bila kuinua macho. "Masikio hayo nayajua tangu yalipokuwa makubwa kuliko kichwa."

Lucius alicheka, mara machozi yakamlenga. "Nimekuja kuomba radhi, Bi Arletha. Wewe umekaza, mimi nimekimbia."

"Koma, Lucius."

"Naona haya hata ku…"

"Nimesema koma!"

Lucius akasogea hadi kwenye ngazi. "Basi nipe japo maji ya kunywa."

Bibi alitupia mlango jicho, akarudi kwenye kunde zake. "Leo maji hakuna."

Lucius alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtaani kwao hata mkusanya kodi hakuachwa aondoke kibarazani bila sahani ya chakula. Kunyimwa maji ni kuambiwa wewe si mtu wetu tena. Hakubisha, maana aliona amestahili. Akageuka aende zake.

Mlango ukafunguliwa nyuma ya bibi. Akatoka mwanamke wa Kizungu, kijana bado, mtoto mchanga begani.

"Ahsante, Bi Arletha, watalii wa leo wamekwisha," alisema kwa upole. "Kiti kiache hapo hapo. Kesho ukiweza njoo mapema kidogo, watakuwa wengi."

Bi Arletha akainuka, akakung'uta maganda mapajani, akashuka ngazi bila kumtazama Lucius usoni.

"Nishike mkono hadi kituo cha basi," akanong'ona. "Na kanisani usiseme."