Njano ya Dua

Mwanaidi aliinua brashi aichongoe kwa midomo, Lorraine akampiga kofi mkononi, brashi ikaanguka. Mama huyu mwenye karakana ya kunakili vitabu vya kale, kule mtaa wa Shaw, Marekani, alikomwajiri Mwanaidi, hakuwa na mzaha na ile njano. Ilisagwa kutoka jiwe la sumu. Mafundi wa zamani waliopamba vitabu vya dua wakilamba brashi, alisema, hawakuzeeka.

Basi nyumbani Riverdale Mwanaidi aliufungia unga wote wa rangi sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Ana mtoto wa miaka minne, Zuhura, mikono haitulii. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea, akanuna.

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

Mwanaidi aliusukuma ufunguo ndani ya gauni, habari ya sumu asiitaje. Tangu posa mama huyo alikuwa akimsimanga kwamba ni mtu mzima anayechezea rangi. Mtu wa namna hiyo unamweleza nini?

Majira ya baridi yale, mwaka tisini na nane, Zuhura akashikwa na homa. Dawa ya hospitali inaishusha, inapanda tena. Mama mkwe akawa anazunguka jikoni akilalama: Tanga mtoto angeshapata kombe. Shehe anaandika dua kwa zafarani kwenye sahani, unaosha yale maandishi, mgonjwa anakunywa maji yake, kwisha. Huku Marekani nani wa kumwandikia? Mwanaidi, roho juu, alimwomba anyamaze.

Na kazi nayo ilikuwa inasubiriwa: ukurasa wa dua ya kuponya wagonjwa, nakala ya kitabu cha miaka mia sita, maandishi yote ya Kiarabu, kwa ile njano. Aliumaliza asubuhi pale mezani. Ulibaki ute wa yai tu, wa kuifunga rangi isibanduke, na mayai yalikuwa yameisha. Akauweka ukurasa juu ya kabati ukauke, akambusu Zuhura paji la uso linalochoma, akatoka mbio dukani.

Aliporudi nyumba ilikuwa imetulia. Karatasi ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya jikoni, nyeupe pee, inadondosha maji. Mama mkwe alikuwa kitini, Zuhura amemlalia mapajani, bakuli tupu pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu Mwanaidi aolewe na mwanawe, alimtabasamia.

"Nisamehe, mwanangu, nilikuwa siijui thamani ya kazi yako. Kanywa yote, hata tone hakubakisha."