Kioo Chekundu cha Dirishani

Mwanga ulioangukia viganja vya Bertilla ulikuwa mweupe.

Alikuwa mbele ya padri, amekinga mikono kupokea komunyo. Tangu utotoni, kile kioo chekundu cha dirishani kilipaka viganja vyake rangi mahali hapohapo. Akatupa jicho juu. Mahali pa kioo palikuwa na tundu, na baridi ya Ufipa ikiingilia hapo.

Jana tu, wakila ugali wa ulezi, alimsimulia kaka yake aliyoyasoma chuoni.

"Wekundu wa kile kioo ni dhahabu, kaka. Punje ndogo mno. Zinameza mwanga wa kijani, mwekundu unapita."

Kaka yake aliacha kutafuna. "Dhahabu ya kweli?"

"Ya kweli," alijibu, akainuka kumtua mama ndoo ya maji. Hakumalizia kwamba hata ukiyeyusha kioo kizima, dhahabu yenyewe huioni.

"Mwili wa Kristo," padri alirudia.

"Amina."

Akapisha. Nyuma yake, kaka yake alikinga mikono, kiganja kimefungwa kitambaa chenye doa la damu. Chini ya ule wekundu wa siku zote, damu isingeonekana.

Padri alikitazama kitambaa. Kisha akainua macho dirishani.